Miguu Yako Inajua Kutafakari

Kwa karibu miaka miwili niliamini kwamba kutafakari ni kwa watu wenye nyumba tulivu. Nilikuwa naamka alfajiri, nakaa sakafuni, nafumba macho. Kabla sijafikisha pumzi tano, jirani wa juu alikuwa ameshaburuta kiti, pikipiki imeshapita chini ya dirisha, na mawazo yangu yameshafika kazini, yanagombana. Nilikuwa nainuka nimechoka kuliko nilivyokaa.

Kilichonigeuza ni basi lililoharibika njiani. Tulishushwa, nikaamua kumalizia safari kwa miguu. Robo saa ya kwanza nilitembea na hasira yangu. Kisha nikaanza kusikia viatu. Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeanza kuachia kwa mbele, kwa hiyo mguu wa kulia ulitua kwa mlio mmoja, na wa kushoto ukajibu kwa miwili, wa pili hafifu. Nikaufuata mlio ule kama mtu anayefuata ngoma inayopigwa mbali. Nilifika nimechelewa dakika 40, lakini moyo umetua kuliko siku yoyote niliyowahi kukaa sakafuni.

Baadaye ndipo nikajua kwamba sikugundua kitu kipya. Watawa wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, huinuka kutoka kwenye kikao chao na kutembea polepole kwa mstari, zoezi liitwalo kinhin, kisha hukaa tena. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, alifundisha kutembea kuwa ibada kamili, na akawahimiza wakazi wa miji waichukulie taa nyekundu ya barabarani kama kengele inayowarudisha kwenye pumzi. Nilipoifahamu hiyo ya taa nilifurahi sana, maana taa nyekundu ninazo nyingi.

Basi anza na miguu. Usipunguze mwendo hadi uwazuie wengine njiani. Tembea mwendo wako wa kila siku. Peleka umakini wako kwenye unyayo mmoja. Kisigino kinagusa chini, uzito unapita ubavuni mwa unyayo, kisha kidole gumba ndicho cha mwisho kuiacha ardhi. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hawajawahi kukisikia kidole gumba kikisukuma. Kikisikie mara moja tu, utashangaa kazi kinayoifanya bila kushukuriwa. Akili itatoroka. Itatoroka mara ishirini kabla hujafika kona. Ukigundua imetoroka, irudishe kwenye kisigino bila kuikemea. Kule kugundua ndilo zoezi lenyewe, wala si dalili kwamba umeshindwa.

Ukizoea, ongeza pumzi. Mimi huvuta hewa kwa hatua tatu na kuitoa kwa hatua nne au tano. Kuna sababu ya kurefusha ile ya kutoa: moyo huongeza mwendo kidogo unapovuta hewa na huupunguza unapoitoa. Kwa hiyo kila pumzi ndefu ya kutoka inaupa mwili nafasi ya kupoa. Ukipanda mlima au ngazi, hesabu itavurugika. Iache, mwili una hesabu yake.

Ndani ya basi mambo ni tofauti, na hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Ukiwa umesimama, legeza magoti kidogo na usilishike bomba kwa nguvu zote. Mtetemo wa injini utaupata kwenye nyayo, utapanda hadi magotini. Dereva akikanyaga breki, abiria wote mnainama pamoja na kurudi pamoja, kama majani yaliyopitiwa na upepo mmoja. Sauti za watu zisikilize kama unavyosikiliza mvua: zinapanda, zinashuka, bila wewe kufuatilia nani kasema nini. Honi nazo ni hivyo hivyo. Kinachochosha zaidi ni ugomvi tunaouanzisha nazo kichwani, na huo tuna uwezo wa kuuacha.

Simu ibaki mfukoni. Hili nalisema kwa msisitizo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti uliowauliza watu kupitia simu, katikati ya shughuli zao, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu nusu ya nyakati, asilimia 47 hivi, mawazo yalikuwa mbali na kilichokuwa kikifanyika. Na furaha ya mtu ilitegemea zaidi akili yake iko wapi kuliko anafanya nini. Nilipoisoma hiyo niliwaza saa zote nilizozipoteza safarini nikingoja maisha yaanze nitakapofika.

Tahadhari moja: macho wazi, masikio wazi. Unapovuka barabara, tafakari yako ni magari. Usizibe masikio kwa muziki halafu ukaita utulivu. Na kama unatembea kwa kiti cha magurudumu, viganja vyako ndivyo visigino: shika, sukuma, achia, mdundo ni ule ule.

Furaha ni jambo jingine, haiji kila mara utulivu unapokuja. Kwangu huja kwa kutazama. Kila safari najiwekea ahadi ndogo: nione kitu kimoja ambacho nisingekiona kama ningekuwa na haraka. Wiki iliyopita alikuwa baba aliyesimama na mtoto wake ukingoni mwa barabara, anamfundisha kuvuka. Baba anageuza kichwa kulia, mtoto anageuza. Baba kushoto, mtoto naye kushoto, lakini amechelewa kidogo, na kidevu amekiinua juu kabisa ili aonekane anaangalia kwelikweli. Walirudia mara tatu kabla ya kuvuka. Nilibaki na picha hiyo siku nzima.

Zipo siku ambazo furaha haiji. Mwaka niliofiwa na mama yangu nilitembea njia zile zile, nikahesabu pumzi zile zile, na huzuni haikupungua. Lakini ndani ya chumba ilikuwa inanikandamiza, na barabarani ilikuwa inatembea nami, na kwa kipindi kile hiyo ilinitosha. Kama uzito wako haushuki wiki baada ya wiki, huwezi kulala wala kula, tembea hadi kwa mtaalamu wa afya ya akili umweleze. Hatua hizo nazo ni za thamani.

Jioni nikirudi, kabla sijaingiza ufunguo, husimama mlangoni kwa pumzi tatu na kuusikiliza mtaa nyuma yangu: milango ya magari, mtu anaita jina, taarifa ya habari kutoka dirisha la mtu. Kisha naingia. Mara nyingi ndipo jirani wa juu anapoburuta kiti chake. Siku hizi nikikisikia, najua naye amefika nyumbani salama.