Kompyuta ya Maji: Ogopa Bati, Usiogope Maji

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, msomaji wa Mwanza, kaniandikia: "Kaka, nimeiona ile kompyuta yako ya maji. Nitumie linki ya kasha nami niagize." Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, maana lile kasha halina linki. Paneli zake zimekatwa Keko, hapa Dar, vishikizo vimechongwa kwa mabaki ya fremu za madirisha, na rangi ya vyuma kapiga jamaa anayepaka magari. Najua hauko peke yako, mdogo wangu. Wengi mnaonisoma mnataka mashine ambayo mtu akiingia sebuleni anasimama kwanza kabla ya kusalimia. Basi leo nawaambia nilivyoipata hii yangu, kompyuta inayopozwa kwa maji.

Watu wakisikia maji ndani ya kompyuta wanashika kichwa. Jamani, maji ndiyo sehemu rahisi. Pampu inasukuma maji, yanapita kwenye bloku ya shaba iliyokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yanabeba joto hadi kwenye rejeta, feni zinalitoa nje, maji yanarudi kwenye tangi. Gari lako linafanya hivyohivyo kila siku na hujawahi kuliogopa. Fitingi, yaani viungio vya mirija, karibu zote zina nyuzi za skrubu za kipimo kimoja, G1/4, kwa hiyo bloku ya kampuni hii inafungana na rejeta ya kampuni ile. Hivyo vyote vinanunuliwa. Kisichonunuliwa ni pale vitakapokaa, na mashine nyingi za watu ninazoziona zimeharibikia hapo.

Anza na mgongo. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ya kipimo cha ATX ni milimita 305 kwa 244, na nafasi za kadi nyuma yake zimeachana milimita 20.32. Ukikosea nusu milimita tu, kadi ya grafiki inakaa upande, na ukiiongezea bloku nzito ya shaba inazidi kulala. Sehemu hiyo sikuichonga mwenyewe na wewe usijisumbue. Nenda kwa wauza skrepa, tafuta kasha bovu la kompyuta ya ofisini, kata ule mgongo wake pamoja na sahani inayobeba mazabodi, kwa grenda yenye jiwe jembamba. Kiwanda kilishakupimia. Mengine yote jenga kuuzunguka mgongo huo.

Zile paneli nyeusi zinazong'aa, ambazo kila mtu anadhani ni kioo, ni alukobondi, ileile inayobandikwa mbele ya maduka na sheli. Shiti nzima ni milimita 1220 kwa 2440, unene 3 au 4: ngozi mbili za alumini zimebana plastiki katikati. Huhitaji shiti nzima. Mafundi wa mabango wana vipande vinavyobaki, na ukienda kwa heshima unapewa kwa hela ya soda. Aliyenikatia mimi aliniuliza, "Bosi, hili ni kabati la dawa?" Nikamwambia ni kompyuta ya maji. Akautazama mchoro, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, ila mteja akirudi na malalamiko mimi sipo."

Uzuri wa alukobondi uko kwenye kukunja. Unapitisha ruta, mashine ya kuchonga mifereji, yenye ncha ya V upande wa nyuma, unaacha ngozi ya mbele na utando mwembamba wa plastiki, halafu unakunja kwa mkono. Kona inatoka kali, bila kuchomelea, bila riveti. Ukizamisha ncha sana, ngozi inachanika ukikunja. Ukiizamisha kidogo, kona inavimba. Fundi yule anajua kina chake kwa kusikiliza mlio wa mashine. Mimi sijui, ndiyo maana nilimlipa. Lakini vipimo nilimpelekea vyangu, na nilivipata kwa kadibodi. Boksi la televisheni, kisu, tepu. Nilijenga kasha zima la kadibodi, nikapachika rejeta na mazabodi ndani, nikaona kadi inagusa wapi na mrija utapita wapi. Kadibodi kwanza. Narudia, kadibodi kwanza.

Sasa vishikizo vya rejeta. Nilitumia engo ya alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha, vile vipande vifupi wanavyovitupa chini ya meza. Feni ya milimita 120 ina matundu manne yaliyoachana milimita 105. Rejeta ya 360 inabeba feni tatu, na kati ya tundu la mwisho la feni moja na la kwanza la feni inayofuata, kwenye rejeta nyingi kuna milimita 15; yako ipime mwenyewe, usiniamini mimi. Chora kwa msumari uliochongoka, kwa sababu mstari wa maka peni wenyewe ni milimita nzima. Gonga senta panchi kabla ya kuweka drili. Pima. Pima tena.

Halafu skrubu, na hapa ndipo rejeta za watu zinapofia. Feni ina unene wa milimita 25. Paneli yangu ni 4. Jumla 29. Skrubu ya M3, yaani nene milimita 3, yenye urefu wa 30 inaingia kwenye rejeta milimita moja tu, haishiki kitu. Ya 35 inaingia milimita sita, na kama rejeta yako haina kibati cha kinga chini ya tundu, mbele ya ncha ile kuna mfereji wa maji. Ukikaza, umeutoboa. Dawa ni washa mbili, vile vibati vya duara vyenye tundu, za milimita moja moja chini ya kichwa cha ile ya 35. Zinabaki milimita nne ndani, imeshika na haijafika kokote. Washa mbili, za bei ya pipi, zinalinda kitu ulichokisubiri bandarini.

Pampu yangu ni ya aina ya D5, ya volti 12. Yenyewe haina kelele. Kelele inatoka kwenye paneli inayotetemeka nayo. Nilikata vipande vya mpira wa tyubu ya lori, nikaviweka juu na chini ya kishikizo, na bolti nikazikaza mpaka mpira ulipoanza kubonyea, basi. Tangi liwe juu ya pampu ili maji yashuke yenyewe, maana pampu hii inalainishwa na maji hayohayo na haitakiwi kuzunguka kavu.

Niseme na lililo moyoni. Picha ya kompyuta hii imetumika kwenye tangazo la duka moja mjini, juu yake wameandika "Tunajenga ndoto yako," na mimi hawakunipigia hata simu. Nilipowaandikia, walinijibu kwa emoji ya dole gumba. Na kuna bwana mmoja alikuja nyumbani, akaizunguka, akapiga picha, akauliza kama niliiagiza Dubai. Nilipomwambia nimeitengeneza hapo kibarazani, alisema "Aah," na hamu ikamwishia. Bado inaniuma, sitaficha. Ndugu zangu, tuache hii tabia. Kitu kikitoka ng'ambo tunakiita teknolojia, fundi wa Keko akikifanya kilekile tunaanza kuomba apunguze bei. Yule anayekunja alukobondi kwa kusikiliza mlio ana elimu ambayo mimi na shahada yangu sina. Mlipe. Mpe jina lake unapobandika picha. Na kijana unayenisoma, ukitegemea kila kitu kije kwenye boksi, hata hiyo mashine ikifika itakuwa ya aliyeipanga kwenye boksi.

Tuendelee na maji, kwa haraka. Tumia yale yasiyo na madini yanayouzwa sheli kwa kuongezea betri, lakini soma chupa vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi. Ongeza dawa ya kuzuia kutu na mwani. Kila chuma kinachoguswa na maji kiwe shaba, brasi au nikeli. Rejeta ya pikipiki ni rahisi na inatamanisha, lakini nyingi ni alumini, na alumini ikikutana na shaba ndani ya maji yaleyale inaliwa. Alumini yetu ikae nje, kwenye paneli.

Kujaribu kama inavuja, chomoa nyaya zote za umeme za mazabodi na kadi, ubaki na pampu peke yake. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 ya pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, unganisha pini ya 16, ambayo kwenye nyaya za rangi huwa ya kijani, na nyeusi yoyote ya jirani yake. Pawa saplai itawaka bila mazabodi. Zungushia tishu kila fitingi na uiache pampu izunguke kutwa kucha. Tishu kavu haidanganyi.

Na usitegemee miujiza. Maji hayashuki chini ya joto la chumba. Februari hapa Dar, chumba kikiwa nyuzi 31, maji yangu hutulia karibu 40 nikiwa narenda video, kazi inayoichosha prosesa. Ukiwa na hela ya kuchagua kati ya rejeta ya pili na taa za rangi, chukua rejeta. Wanaochukua taa wanarudi kuniuliza mbona feni zinapiga kelele.

Kuna kitu kimoja watu hukumbuka wameshamaliza: koki ya kumwagia maji. Iwe chini kabisa ya mzunguko, mkono uifikie bila kufungua paneli, na tundu lake litoboe mapema, vyuma vikiwa bado havijapakwa rangi. Weka hapo kipande kifupi cha mpira kinachofika kwenye ndoo. Na alukobondi nyeusi inaonyesha kila alama ya kidole, kwa hiyo kama nyumbani kuna watoto, muombe fundi wa mabango akutafutie kipande cha kijivu.