Kiwanja cha mtelemkoni Kadutu, Bukavu: usilipe bado

Dada, nimekuelewa: kiwanja ni cha bei nafuu, muuzaji ana karatasi ya mauziano yenye saini ya shefu wa avenu (kiongozi wa mtaa) tu, nawe una haraka ya kujenga. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973, ardhi ni ya Serikali. Kinachokulinda ni cheti cha usajili. Kaulize ofisi ya hati za ardhi kiwanja kina jina la nani.

Kisha kakitazame mvua ikinyesha. Ukiona nyufa za ardhini zilizopinda kama mundu, miti iliyoinama, ukuta wa jirani uliopasuka mshazari, udongo unatembea. Achana napo, hata ukipewa bure!

Pakiwa imara, chimba mfereji wa maji ya mvua kabla ya kujenga kuta. Nyumba ya mbao ni nyepesi, ila jiko likae mbali: moto huruka paa hadi paa. Usichonge mlima bila injinia.