Usimuulize mgonjwa "umekula?" ukaweka tiki

Futa hiyo fomu uliyotuonyesha, yenye "umekula?" kama swali la tatu, unayotaka kumjazia hata yule mgonjwa wako mwenye hofu. Nimesoma mpaka pale uliposema umetengeneza maswali ya ndiyo na hapana ili umalizane na mgonjwa haraka kabla ya kumpa dawa ya usingizi, damu ikanichemka.

Nami nilikuwa na fomu kama hiyo. Nilimuuliza mama mmoja, "Umekula chochote leo?" Akatikisa kichwa. Tiki. "Una shida yoyote?" Hapana. Tiki. Kumbe alfajiri alikunywa kikombe kizima cha maziwa kumezea vidonge vya presha, na kwake hiyo ilikuwa dawa, si chakula. Hakunidanganya hata kidogo. Alipolala tu, kabla sijaingiza mpira kwenye koromeo, maziwa yakarudi. Unaona kitu cheupe kinajaa mdomoni, unainamisha kitanda kichwa kiende chini, unafyonza, na namba ya oksijeni inashuka huku unaitazama. Alipelekwa kwa wagonjwa mahututi, akapumuliwa na mashine. Alipona, lakini mateso yale yote swali moja lingeyazuia.

Ninayemkasirikia hadi leo ni aliyenifundisha kazi. Alituambia mgonjwa akiachiwa aongee anachelewesha ratiba, uliza kwa kifupi usonge mbele. Ratiba gani? Mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kukohoa kujikinga. Tindikali ya tumbo ikipanda inaingia mapafuni. Curtis Mendelson aliandika habari hiyo mwaka 1946 kuhusu akina mama wanaojifungua, halafu mtu anakufundisha kubana dakika mbili!

Uliza hivi: "Kitu gani cha mwisho kimepita mdomoni mwako, na ilikuwa saa ngapi?" Kisha nyamaza, usimmalizie sentensi. Kwa upasuaji usio wa dharura, maji matupu yanahitaji saa 2 zipite. Maziwa yanahesabiwa kama mlo mwepesi, saa 6. Vya kukaanga na nyama, 8 au zaidi. Halafu ongeza: "Na dawa ulimezea nini?" Hapo ndipo mambo yanapojitokeza. Siku moja kabla ya upasuaji, ukishampa masharti ya kutokula, mwombe akueleze yeye asubuhi atafanya nini, hatua kwa hatua. Akijibu "sitakula" tu, bado hujaelezea vya kutosha.

 Na huyo mgonjwa mwenye hofu uliyemtaja ndiye anayesema "hapana" haraka kuliko wote, ili tu umwache. Badilisha hilo swali lako la tatu usiku huu, kabla hujaingia zamu kesho.