Mpira wa Babe Ruth Uliouokota Houston, na Maswali Mengine

Barua za mwezi huu kuhusu saini za wachezaji wa besiboli zimejaa, na nusu yake nilishazijibu mwaka jana. Nimechagua hizi.

Shikamoo mzee. Nimenunua mpira wenye saini ya Babe Ruth, gwiji wa zamani wa besiboli, kwa jamaa aliyekuwa anauza vitu vya ndani nje ya karakana yake. Dola 40. Nimebahatika? (Houston)

Marahaba. Umepigwa. Kwenye picha uliyonitumia, mpira una chapa ya jina la Joe Cronin, rais wa ligi ya American, moja ya ligi mbili kubwa za besiboli Marekani. Cronin aliingia kwenye kiti hicho 1959. Ruth alifariki 1948. Juu ya hayo, saini imeandikwa kwa maka peni, na Sharpie, maka peni maarufu za saini, zilianza kuuzwa 1964, kwa hiyo marehemu aliamka kaburini akapitia dukani kwanza. Nasema tena: kabla hujaikodolea macho saini, soma mpira wenyewe. Mghushi hushughulika na jina, mpira anauokota popote.

Wangu una cheti cha kuthibitisha saini lakini. (Dallas)

Hata mimi nina printa.

Muulize aliyekitoa cheti alikuwa wapi wakati saini inaandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI, katika operesheni waliyoiita Bullpen, walivunja mtandao mkubwa wa saini feki uliokuwa na mizizi kusini mwa California. Miongoni mwa walivyovikuta ni mipira yenye saini ya Mama Teresa. Mtawa wa Calcutta, kwenye mpira wa besiboli! Na vyeti katika biashara ile havikuwa haba. Baada ya aibu hiyo, Ligi Kuu ya besiboli ilianzisha 2001 utaratibu wake wa uthibitisho: shahidi anasimama pale pale, anaona kwa macho yake, kisha anabandika stika ya hologramu yenye namba. Mimi naamini shahidi. Karatasi peke yake, hapana.

Nitumie kalamu gani? (Seattle)

Bolpeni ya bluu kwenye mpira. Maka peni ni ya picha na magongo; kwenye ngozi wino wake hutambaa, na baada ya miaka jina linavimba kama mkate kwenye chai. Mgeuzie mchezaji mpira wewe mwenyewe, pale mishono inapokaribiana zaidi, ndipo umpe. Ukifika nyumbani usiuweke dirishani, jua litakula wino. Hili naliulizwa kila mwezi. Likate, libandike kwenye friji.

Mwanangu ana miaka kumi, anataka kumwandikia mchezaji mstaafu. Mimi besiboli siijui kabisa. Nimsaidieje? (Mama wa watatu, Minneapolis)

Dada yangu, usimsaidie sana. Aandike yeye, kwa mkono wake, pamoja na makosa yake. Ukurasa mmoja. Kadi moja yenye picha ya mchezaji, ya kutiwa saini, narudia, moja, siyo sita. Atie na bahasha ya kurudishia, yenye anwani yenu na stempu. Mzee wa miaka themanini na kitu hana sababu ya kupanga foleni posta kwa ajili yenu. Amuulize swali moja analotaka kweli kulijua. Barua zile za "wewe ni shujaa wangu wa siku zote" wazee wamezisoma maelfu, na wanajua nyingi zimetoka kwa walanguzi wanaojifanya watoto.

Jibu lisiporudi, asinune. Likirudi, itazame vizuri saini: wapo ambao saini zao hupigwa muhuri au huandikwa na mtu wa nyumbani.

Kwa kuwa mko Minneapolis, mwonyeshe mtoto saini ya Harmon Killebrew, aliyeipigia Twins, timu ya hapo kwenu, miaka mingi na kumaliza na home run 573, yaani mipigo inayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote. Amefariki 2011. Herufi zake zinasomeka zote, na aliwakoromea vijana wa timu, akiwemo Torii Hunter, waache kukwaruza: mtu akipokea jina lako, aweze kulisoma. Linganisha na wachezaji wa leo, wanaoandika herufi moja na mkia wa panya.

Nipo Lugazi, Uganda. Nikituma barua Marekani nitajibiwa? (Lugazi)

Stempu ya Uganda haiwezi kuirudisha barua kutoka Marekani. Tafuta ndugu aliyeko huko akununulie za kwao. Na usifiche unakotoka: watoto wa Lugazi ndio timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, huko Williamsport, Marekani, 2012. Lianze hilo kwenye mstari wa kwanza.

Nina dola 500 za kuwekeza. Nani kati ya wakongwe saini yake itapanda karibuni? (hakutaja mji)

Unaniuliza nani anakaribia kufa. Sema tu.

Mwaka 2020 peke yake waliondoka saba wa Jumba la Mashuhuri, lile la Cooperstown linalowaenzi magwiji wa besiboli: Kaline, Seaver, Brock, Gibson, Ford, Morgan, Niekro. Kifo kinapotangazwa, feki nazo hufurika sokoni, kwa hiyo hata kibiashara wazo lako ni bovu.

Niliwahi kupanga foleni kwenye ukumbi wa hoteli moja huko New Jersey. Mezani mzee mmoja, jina lake nalihifadhi, na binti yake pembeni akimwekea kidole mahali pa kuandika. Aliyekuwa mbele yangu alitoa mipira kumi na miwili kwenye soksi. Wa tisa, mkono uliteleza. Mwenye mipira akasema, "Huu umeharibika, arudie." Mzee akaomba radhi. Akaomba radhi yeye! Zamu yangu ilipofika aliandika jina la kwanza kwenye kadi, akasita, akamtazama binti yake. Binti akaichukua kalamu taratibu na kuifunika. Ninayo kadi hiyo, ina jina nusu. Weka dola zako 500 benki.

Nimemwona mkongwe mmoja akila mgahawani Cooperstown. Nimwendee? (Albany)

Mwache ale. Rudi Julai, wikendi ya kuwapokea wapya wa Jumba la Mashuhuri. Utawakuta wamekaa mezani barabara ya Main, bei imebandikwa. Bolpeni ya bluu.