Kabla hujalipia ubao mama, igeuze hiyo prosesa

Mdogo wangu wa Kondele, unauliza kama Ryzen 5 5600, prosesa (ubongo wa kompyuta) uliyokwisha kununua, itakaa kwenye ubao mama wa B650 na RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR5. Haitakaa, tafadhali usitoe pesa. Igeuze prosesa yako: chini ina vijipini vya dhahabu, 1,331. Hiyo ni ya soketi ya AM4, yaani aina ya kikalio cha prosesa kwenye ubao. B650 ni AM5, ambayo vijipini viko kwenye ubao wenyewe. Ukilazimisha utavipinda, na kuvinyoosha ni kazi ya machozi.

Tafuta ubao wa B550, ambao ni AM4, na RAM ya DDR4, vipande viwili vya GB 8. DDR5 haiingii hapo, pengo lake limekaa mahali tofauti. Ukipewa B450 ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa yako, kwani yenye BIOS (programu ya kuuwashia ubao) ya zamani haitaitambua.

Kwa kadi ya picha ya RTX 3060 unayoitaka, pawasaplai (kifaa cha kuipa kompyuta umeme) ya wati 550 inatosha, ila iwe ya kuaminika. Hapo usibane senti. Pima na kasha la kompyuta, kadi nyingine za picha ni ndefu. Na kwa radi zetu za Kisumu, nunua pia kilinda umeme.