Maswali ya Wasomaji: Upepo, Sangara na Boti Ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tuna boti ya faiba yenye urefu wa mita tano na injini ya nguvu ya farasi 15, na siku za mapumziko hutoka Entebbe kwenda kuvua sangara katika Ziwa Viktoria kwa fimbo na chambo bandia, kwa kujiburudisha tu. Nimesoma kwamba wavuvi wa samaki aina ya besi huko Marekani huufurahia upepo, kwa madai kwamba samaki hula vizuri zaidi maji yanapochafuka. Wazee wa mwaloni kwetu, yaani pale boti zinapotia nanga, hutuambia turudi nchi kavu upepo unapoanza. Tumsikilize nani?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Ndugu msomaji, wasikilizeni wazee kwanza, kisha mchukue kwa wavuvi wa besi yale yanayofaa, kwa kuwa yapo na ni ya kweli. Besi, ambaye hata jirani zetu wa Kenya wanamjua tangu alipoletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, ni samaki wa kuvizia. Upepo unapouvuruga uso wa maji, mwanga unaopenya chini hupungua, na samaki hashtushwi upesi na kivuli cha boti wala mshipi. Wakati huohuo mawimbi huvisukuma viumbe vidogo vinavyoelea hadi kwenye ufuko unaopigwa, samaki wadogo wakavifuata, na wawindaji nao wakawafuata hao wadogo.

Sangara naye ni mwindaji, anakula samaki wadogo kama nkejje (furu) na mukene (dagaa), na huona vizuri mahali penye mwanga hafifu, kwa hiyo kanuni hiyo inamhusu pia. Kwenye pwani yetu ya kaskazini, upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, ukianza kwa kawaida asubuhi jua linapopanda. Maana yake ni kwamba rasi za mawe zinazotazama kusini, upande wa joshi, yaani unaopigwa na upepo, zinafaa kujaribiwa kuliko ghuba tulivu yenye mafunjo, ingawa ghuba ndiyo inayoupendeza moyo wa mtu mwenye boti ndogo.

Hata hivyo, besi huvuliwa mara nyingi katika mabwawa na maziwa madogo, ambako ng'ambo inaonekana na mawimbi hayapati nafasi ya kukua. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na upepo wa kusini-mashariki, ambao huwa na nguvu hasa kati ya Juni na Agosti, husafiri juu ya maji matupu kwa masafa marefu kabla ya kuwafikia ninyi. Mawimbi yake hufuatana kwa karibu na yamesimama wima, na boti ya mita tano huyapokea moja baada ya jingine bila kupumzika.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni saa. Usiku na alfajiri upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndio wakati ambao dhoruba za radi huwa nyingi juu ya maji. Injini ikizimika mchana, kwa kawaida upepo utawarudisha kuelekea pwani. Ikizimika alfajiri utawapeleka mbali zaidi. Kwa hiyo msitoke gizani, bali subirini kupambazuke, muangalie mawingu upande wa kusini, na musome utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda. Mkiona povu jeupe limetapakaa kwenye vilele vya mawimbi, upepo umefika takribani kilomita 20 kwa saa, na kwa boti yenu huo ndio wakati wa kurudi, hata kama samaki wanauma.

Upepo ukiwa chini ya hapo, ikaribieni rasi kutoka upande unakotoka upepo, mkiwa mbali nayo vya kutosha, omo (sehemu ya mbele ya boti) ikiyatazama mawimbi na injini ikiendelea kunguruma polepole, kwa sababu injini iliyozimwa karibu na mawe inaweza kukataa kuwaka. Rusheni chambo kizito kidogo kufuata upepo, kisha mshushe ncha ya fimbo karibu na maji ili mshipi usipulizwe ukalegea. Mkipenda kuelea na upepo mahali penye nafasi, fungeni ndoo imara kwa kamba kwenye omo na kuitupa majini, nayo itapunguza mwendo na kuizuia boti isikae ubavu kwa mawimbi. Nanga isifungwe kamwe kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, maana wimbi litaingia kwa nyuma, mahali palipo chini zaidi na penye uzito wa injini. Mmoja akisimama kurusha, mwingine akae kwenye usukani. Majaketi ya kuokolea yavaliwe tangu mwaloni. Yakiwekwa chini ya kiti hayamsaidii aliyekwisha kuanguka.

SWALI: Baada ya siku za dhoruba huku kwetu tuliwahi kuona sangara wakubwa wakielea wamekufa, lakini sato hawakuwa wengi hivyo. Je, upepo unaua samaki?
Msomaji, Kalangala

JIBU: Hauwaui wenyewe. Kuna miezi ambayo maji ya chini ya ziwa hukaa bila kuchanganyika na ya juu, na oksijeni yake huisha. Dhoruba kali ikiyapandisha maji hayo, sangara huumia mapema, kwa kuwa anahitaji oksijeni nyingi kuliko sato. Serikali ilitoa maelezo ya namna hiyo sangara walipokufa kwa wingi mwanzoni mwa mwaka 2021. Mkiwakuta wakielea, msiwaokote kwa kula wala kuuza, kwa sababu hamna njia ya kujua wamekufa tangu lini.