Kabla hujavaa jezi ya chuo, waambie waandike wanakupa nini

Juzi dogo mmoja anayecheza mpira chuo hapa Mwanza kaniandikia. Picha yake iko kwenye bango la kutangaza udahili, ila yeye mwenyewe kaambiwa UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, hafanyi mpaka amalize ada. Aisee iliniuma, maana hayo yamenipata.

Mimi nilikuwa winga wa chuo, na nasema kwa kujivunia, timu yetu ilikuwa inaogopwa kanda ya ziwa yote, tukicheza Nyamagana wanafunzi wanajaa. Kocha na mlezi wa michezo walinifuata wenyewe nyumbani Igoma, wakakaa na mama, wakamwambia nusu ya ada italipwa na chuo. Kufika uhasibu naambiwa jina langu halipo. Tunasafiri kwenye mashindano, posho ni soda na chipsi, narudi nakuta test zimepita na mhadhiri anataka barua ambayo ofisi ya michezo haijasaini, basi nakula sapu, yaani mtihani wa kurudia, kwa kosa la kukiletea chuo kombe. Halafu goti likaenda. Hakuna aliyekuja hata kunipa pole, na mama alikuwa anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mtaji wake wote ukaishia kwenye goti langu. Hilo sijalisamehe.

Sasa kuna wanaosema mwanachuo kaja kusoma, mpira ni starehe yake, hela za nini. Marekani nao waliimba hivyo hivyo miaka mingi. Hasheem Thabeet wetu kacheza kikapu chuo cha Connecticut mpaka 2009, akachaguliwa namba 2 kwenda NBA, ila kipindi yuko chuo sheria za NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo kule, zilikuwa haziruhusu apewe mshahara, mwisho skolashipu. Mwaka huohuo Ed O'Bannon, aliyecheza kikapu chuo cha UCLA, akaenda mahakamani baada ya kuona sura yake inauzwa kwenye gemu la video na yeye hapati kitu. Kesi zikafuatana, Julai 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuingiza hela kwa majina na picha zao, na Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano ya vyuo kuwalipa moja kwa moja, mwaka wa kwanza chuo kimoja mwisho kama dola milioni 20.5. Haikuwa huruma, walidai. (Na wewe unayewaza kwenda huko, viza ya mwanafunzi inabana sana kufanya kazi, kwahiyo uliza mwanasheria kabla hujasaini dili lolote.)

Najua vyuo vyetu havina hela za tivii kama wao. Mimi sidai mamilioni. Ada ipunguzwe kama walivyoahidi, ukiumia uwanjani watibu, test zilizokupita urudie, na picha yako wakuombe kwanza wakulipe. Hivyo vyote viandikwe. Neno la kocha sio mkataba, hata kama ni mtu mzuri, kesho anahamishwa unabaki na nani? Viandikwe, visainiwe, kopi ibaki kwako. Na udai sasa hivi kabla ya mashindano wakati wanakuhitaji, ukishaumia hawapokei simu.

Dogo, wewe andika barua kwa dean wa wanafunzi, nakala kwa mlezi wa michezo na serikali ya wanafunzi, ambatanisha picha ya lile bango, wapige mhuri wa kupokea. Ukikwama kuiandika nitumie, tutaiandika wote.